Gari la Safari Mbili

Niliishi kwenye kiwanja kimoja na baba mkwe wangu kwa miaka mingi bila kuujua uso wake. Nilimjua kwa kikohozi, kwa mlio wa fimbo yake kwenye mawe ya njia, na kwa sauti yake ya sala ya asubuhi iliyonifikia kutoka ng'ambo ya migomba. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akitokea njiani, mimi naingia migombani na kuinama mpaka apite. Chakula chake nilipika mimi, lakini mtoto ndiye aliyekipeleka. Hata maneno yalipelekwa hivyohivyo.

"Mwambie mama yako ndizi za leo zimeiva vizuri," alikuwa akisema kwa sauti ya kufika jikoni kabisa. Binti yangu wa kwanza, aliyesimama katikati, alinigeukia na kuniambia neno kwa neno, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Sikuuona kuwa mzigo. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza mila hiyo, na mchungaji wetu hakutuhimiza wala kutukataza. Lakini mzee, aliyekuwa mwinjilisti tangu ujana wake, aliishika, nami niliishika kwa ajili yake. Nimeanza na jambo hili kwa sababu bila hilo habari ya gari haieleweki.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Zamani mtu aliyetaka gari alisubiri kibali mpaka akazeeka. Sasa magari yaliyotumika yalikuwa yakishushwa Dar es Salaam, na mume wangu, aliyekuwa akipeleka ndizi huko kwa malori, alikuwa ameweka akiba. Akakubaliana na ndugu zake wanunue gari la familia: lile refu, lenye viti safu tatu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Moja lilikuwa limeshafika kwenye gereji moja ya mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini. Lilikuwa jeupe, la dizeli, na mwenyewe alikuwa tayari kutuuzia.

Ndipo zikaja habari za lile jingine.

Zililetwa na muuza spea mwenye duka mkabala na gereji, mtu mcheshi ambaye wazee wake walitoka pwani. Dereva mmoja wa malori ya Zambia alikuwa amempa ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la kigeni. Picha ilionyesha gari hilohilo la familia, au lililofanana nalo, lakini limefunikwa turubai mpaka kwenye magurudumu. Ilisemekana kiwanda kilikuwa kinalijaribu kwa siri. Nje la familia, ndani injini ya mashindano.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa juu ya tairi nikimsubiri mume wangu amalize maongezi, nikifuma.

"Lina tabo mbili za kuipa injini nguvu," fundi wa gereji alisema, akiinamia ile picha. "Tazama turubai lilivyonyanyuka hapa mbele. Hiyo ni hewa inaingia."

"Hiyo ni mikunjo tu ya turubai," akasema muuza spea.

"Wewe uza spea, bwana. Mikunjo haikai juu ya boneti hivyo."

"Binamu yangu yuko bandarini. Anasema likipanda mlima, walio nyuma hawawezi kuinua shingo."

"Basi hilo si la familia. Hilo ni la kuvunja familia!" Wakacheka wote. Muuza spea akanigeukia. "Shemeji, wewe unasemaje? Tukuletee lenye tabo?"

"Mniletee linalofika," nikamwambia.

"Umesikia, tajiri? Mkeo hana papara."

Mume wangu hakucheka. Alikuwa ameishika ile picha kama mtu anayesoma barua ya kuitwa kazini. Wiki zilizofuata, kila mwenye lile jeupe alipouliza, alijibu, "Tusubiri kidogo." Nikadhani ni ugonjwa wa wanaume wa kupenda mwendo.

Siku moja tulipokuwa tukimenya ndizi jikoni, nilimuuliza anasubiri nini. Akaniambia.

Jumapili ya Matawi binti yetu angebarikiwa, yaani kupewa kipaimara, katika kanisa kubwa la usharika, juu karibu na Tukuyu. Mzee ndiye aliyemfundisha katekisimu nyumbani, swali kwa jibu, tangu mtoto hajajua kusoma. Lakini tangu masika iliyopita miguu ya mzee ilikuwa imekataa. Alifika mlangoni tu. Kutoka kwetu Lupepo hadi kule, kwa matope ya msimu ule, ilikuwa lazima abebwe kwa gari au abaki.

"Na wewe ni mama yake," mume wangu alisema. "Huwezi kubaki. Na huwezi kukaa gari moja na baba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimpeleke yeye kwanza, kengele ya kwanza ikilia. Kisha nirudi nikuchukue wewe, tufike kabla ya kengele ya pili. Nililiazima lile jeupe nikajaribu. Kile kilima chetu chenye utelezi kinalimaliza. Safari moja linaweza. Mbili, ibada itakuwa imeanza. Ndiyo maana nalitaka lenye tabo."

Nikamtazama. Alikuwa ameweka viti safu tatu katika hesabu yake, na injini, na kilima, na mimi na mzee hakutuweka pamoja hata mara moja. Ni kosa la mwana wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri. Sikuweza kumcheka.

"Na lisipokuja?"

Akamenya ndizi nyingine.

Nilisali juu ya jambo hilo siku nyingi. Sikuomba gari. Niliomba mzee asikose siku aliyoifanyia kazi, na mimi nisiwe sababu ya kumkosesha. Niliwaza nibaki nyumbani. Kila nilipowaza hivyo, nilimwona binti yangu amepiga magoti, na kwenye benchi la akina mama sipo.

Wiki ya mwisho, gari la turubai halikuwa limeonekana Dar wala Mbeya. Kwa maneno ya fundi, sasa lilikuwa limefikia tabo tatu. Asubuhi moja mzee aliita kutoka mlangoni kwake, na binti yangu akaenda kusimama mahali pake pa katikati.

"Mwambie baba yako," alisema mzee, "sina haja ya gari linalokimbia. Nina haja ya gari lililopo."

Mume wangu alikuwa amekwenda shambani. Nikajikuta nikisema mimi, kutoka jikoni: "Mwambie babu yako gari lipo. Lakini ni moja."

Nilisikia fimbo ikigonga sakafu.

"Muulize mama yako: kanisani tunakaaje?"

Nikajibu bila kufikiri. "Mwambie babu, wanaume upande wao na wanawake upande wao."

"Na bati juu yetu?"

"Mwambie bati ni moja."

"Basi mwambie atafute cha kutenga," alisema mzee. "Mimi nitakaa mbele na sitageuka."

Nilikuwa na shuka la buluu nililolidarizi mwenyewe kabla ya kuolewa. Mume wangu alilinunua lile gari jeupe siku hiyohiyo, mzee asije akabadili mawazo. Jumapili alfajiri akalifunga shuka kuanzia dirisha hadi dirisha, nyuma ya viti vya mbele. Baba yake alibebwa akawekwa mbele. Kisha mimi niliyekuwa migombani nikaitwa, nikapandia mlango wa nyuma, kitenge kichwani, binti yangu na gauni lake jeupe kando yangu.

Jirani yetu akachungulia dirishani. "Nyie! Mnasafirisha bibi harusi?"

"Tunasafirisha ukoo," mume wangu alimjibu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kile kilima gari lilipanda nusu, likaguna, likaanza kurudi kwa ubavu. Mume wangu akatia giya ya chini. Likazika gurudumu.

"Hapo ndipo ungeona kazi ya tabo," alinong'ona, maskini, kwa uchungu.

"Tabo ingezika mawili," sauti ya mzee ilisema nyuma ya shuka.

Nikavua viatu nikashuka. Ndugu wawili wa mume wangu, waliokuwa wakienda kwa miguu, wakanijia kwa haraka, tukasukuma. Matope yalinifika magotini. Mzee hakugeuka, kama alivyoahidi, ila nilimsikia akimuuliza mjukuu wake, "Nani anasukuma?"

"Baba wadogo. Na mama."

Gari likatoka.

Tuliisikia kengele ya pili tukiwa bado njiani. Lakini watoto wa kubarikiwa walikuwa nje wakipangwa mistari, na binti yetu akaingia kwenye wake. Wazee wenzake walimbeba mzee mpaka benchi la mbele, upande wa wanaume. Mimi nilikaa upande wangu, miguu yangu yenye matope nimeificha chini ya benchi. Mchungaji alipouliza maswali, binti yangu alijibu kwa sauti ya babu yake, na mahali palepale alipopumua babu, naye alipumua.

Hilo gari la turubai halijaja mpaka leo, wala sijui kama liliwahi kuwepo. Namshukuru Mungu kwa lile lililokuwepo.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imekatika. Tukafika kile kilima, tukaanza kukishuka. Ndipo mzee akasema, kwa lugha yetu, taratibu:

"Ndaga, mwanangu." Asante, mwanangu.

Binti yangu alisubiri sehemu iliyobaki, lile "mwambie mama yako". Haikuja. Akainama karibu na shuka.

"Babu, nimwambie mama?"

"Hapana," alisema. "Amesikia."