Baba Alipokuwa Akilisha Maji

Asubuhi ya kwanza nilipomwona baba akilisha maji, nilikuwa nimeshika sufuria ya chai, na nusura niimwage. Alikuwa amesimama mbele ya tangi jipya la kioo, tangi lisilo na samaki hata mmoja, akichota chakula cha samaki kwa vidole viwili na kukinyunyiza juu ya maji. Polepole, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Kisha akafunga kopo, akaja mezani, akaomba chai.

Nilimpa chai. Sikusema kitu, na yeyote anayenijua atakwambia kwamba mimi nikinyamaza mambo si mazuri. Mdomo wangu hauna breki. Hapa mtaani Lucky Summer wapangaji wote wa ploti hujua nimeamka. Lakini asubuhi ile nilikunywa chai yangu kimya, na kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa pia.

Baba alikuwa mchongaji. Miaka arobaini alichonga twiga na vifaru wa mti huko Pumwani, na tangu mama afariki alikuwa akiishi nami, huo ukiwa mwaka wa pili. Samaki alimpata kwa mteja aliyekuwa anahama nchi: oska, ndivyo wauzaji wanavyomwita, mweusi mwenye madoa ya rangi ya machungwa. Alikuja na urefu wa kiberiti. Akala, akakua, akafikia urefu wa sapatu yangu, hadi akawa hawezi kugeuka ndani ya tangi lake bila kukunja mkia. Kila asubuhi baba alipokaribia, yule samaki alikuja mbele ya kioo na kumkodolea macho, na baba alimsemesha kwa Kikamba. Kusema kweli alimsemesha yeye kuliko alivyonisemesha mimi.

Ndiyo maana baba alinunua vioo kwa fundi wa mtaa wa Baba Dogo, akaviunganisha mwenyewe kwa gundi, akatengeneza meza imara ya mbao, akajaza maji, akawasha pampu. Mpaka hapo nilimwelewa. Samaki mkubwa, tangi kubwa. Ila samaki hakuhamishwa. Wiki zikapita, samaki akiwa bado amejikunja kwenye tangi dogo, na baba akilisha lile tupu.

Utaniuliza, si ungemuuliza tu? Niliogopa jibu. Dada yake, shangazi yangu, alianza hivyohivyo. Alikuwa akimpakulia mumewe chakula miaka mitatu baada ya kumzika, na mwishowe hakutujua hata sisi. Ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Basi mimi nikaanza kutia maji. Nikampigia simu ndugu yangu.

Ndugu yangu ni dereva wa lori, na ni mtu wa kukata shauri upesi kama mimi. Hilo tulirithi kwa mama.

"Siste, mzee ameanza," akasema. "Mwisho wa mwezi napita Makueni na mzigo. Nitampeleka nyumbani akakae na binamu zetu. Huko hata akipotea njia, watu wanamjua."

"Na samaki wake?"

"Samaki ni samaki. Kaanga."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikakubali. Tulipanga hayo yote baba akiwa chumba cha pili, akipiga msasa kipande cha mti, na mlango ulikuwa wazi nusu.

Jumamosi iliyofuata maji ya lile tangi tupu yalikuwa na ukungu, na yalinuka. Sasa, mimi kazi yangu ni usafi. Nasafisha kliniki moja karibu na hapa, yaani mshahara wangu unatokana na kuua vijidudu. Siwezi kuvumilia harufu ya chakula kilichooza sebuleni mwangu. Baba alipotoka kwenda kuwasalimu wachongaji wenzake, nilivaa glavu. Niliyachota maji yote nikayamwaga, nikasugua vioo kwa klorini, nikaitoa sponji ya pampu iliyokuwa na utelezi wa kahawia, nikaifikicha kwa sabuni mpaka ikawa kama imetoka dukani. Nikajaza maji ya mfereji. Tangi likang'aa! Nilijisikia nimemfanyia mzee wangu hisani.

Aliporudi alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akaenda akagusa kioo. Akaitoa sponji, akainusa.

"Umeosha," akasema.

"Nimeosha, baba. Yalikuwa yananuka."

Akakaa kwenye kiti, sponji mkononi, mpaka nikaanza kugonganisha vyombo jikoni ili angalau kuwe na sauti ndani ya nyumba. Kesho yake aliyamwaga maji yangu yote, masafi yale, ndoo baada ya ndoo. Akajaza mengine yaliyokuwa yamekaa kwenye pipa siku kadhaa. Na asubuhi iliyofuata akachota chakula kwa vidole viwili na kuyalisha. Nikasema basi, imekwisha. Siku hiyohiyo nikamshika mkono nikampeleka kliniki.

Daktari wetu ni kijana mpole. Alimuuliza baba siku, mwezi, mahali anapoishi. Baba akajibu yote, na tarehe akamsahihisha daktari mwenyewe, maana kalenda ya ukutani haikuwa imegeuzwa.

"Mzee, binti yako ananiambia unalisha maji yasiyo na samaki."

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Baba akanitazama kwanza. Kisha akamgeukia daktari na kuongea maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema mwezi mzima.

"Samaki anakojoa mlemle anamoishi, daktari. Uchafu wake unamchoma, na usipoondoka unamuua. Kuna vijidudu, huwezi kuviona, kazi yao ni kuila ile sumu. Vile havinunuliwi, vinaitwa. Unatia chakula kidogo, kinaoza, navyo vinakuja vyenyewe, vinafanya makao kwenye kioo na kwenye sponji. Wiki tano, wiki sita. Ukimtia samaki mkubwa kwenye maji mabichi, atakufa na tangi likiwa linang'aa." Akatoa mfukoni vijikaratasi vya kupimia maji, akaeleza kila rangi maana yake. "Ni kama mti tu. Ukichonga mti mbichi, unapasuka ukiwa umeshammaliza twiga wako."

Daktari alikuwa ameweka kalamu chini. "Na yako yamebakiza muda gani?"

"Yalikuwa yamebakiza wiki moja. Bahati mbaya yakamwagika."

Yakamwagika! Alisema hivyo mbele ya watu ninaofanya nao kazi, na hakunitaja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ningependa zaidi angenitukana.

Nje, kwenye ngazi, nilimkabili, maana nikiona haya huwa nagombana. "Baba, kwa nini hukuniambia? Umeniacha nafanya ujinga huu wote!"

"Hukuniuliza, mama," akasema. Huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mamake. "Ulimuuliza ndugu yako. Ukamuuliza daktari. Habari za Makueni nilizisikia pia. Nikasema, wakishaamua wataniambia."

Siku ile nilimpigia ndugu yangu nikamwambia lori lake lipite na mzigo wake tu. Alibisha. Nilimjibu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa, kisha nikakumbuka kwamba nusu ya kosa lilikuwa langu, nikapunguza sauti.

Lakini kosa langu lilikuwa limemwongezea samaki wiki sita nyingine mahali asipoweza kugeuka. Alianza kupanda juu kuhema, mapezi yamekunjwa. Baba hakuwa na mtu mwingine wa kumsemesha kwa Kikamba asubuhi, na nililijua hilo, na kila nikirudi kazini jicho langu la kwanza lilikwenda kwenye tangi dogo kabla sijavua viatu. Kila baada ya siku moja tulimtolea nusu ya maji na kumwongezea mengine, baba akichota na mimi nikibeba ndoo. Ile sponji chafu ya tangi dogo aliikamulia kwenye tangi kubwa, ili vijidudu vyake vihamie huko. Maji ya kahawia yakaenea mle ndani huku nikitazama, nikaikunja mikono yangu nyuma ili isifanye kitu.

"Tumhamishe tu," nikamwambia wiki ya tatu. "Atakufa hapa, baba."

"Huenda akafa hapa. Kule atakufa bila shaka."

Basi tukangoja. Mimi sijui kungoja, nilifundishwa wiki zile. Nikawa ndiye ninayelisha maji siku ambazo mgongo ulimkataza kuamka. Jirani alichungulia mlangoni akaniona, akauliza kama mambo yako sawa. Nikamwambia aingie ndani aulize vizuri, nitamweleza.

Vijikaratasi vilipotoa rangi aliyoitaka siku nne mfululizo, ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Tulijaza beseni maji ya tangi dogo. Baba akakunja mikono ya shati, akaitia majini, kisha akaitoa.

"Inatetemeka," akasema. "Mshike wewe."

"Mimi? Baba, nitamwangusha!"

"Lowesha mikono. Mmoja chini ya kifua, mwingine karibu na mkia. Usimbane."

Nilimshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mwenye nguvu. Nikamtia kwenye beseni, tukalibeba pamoja, tukaliinamisha ndani ya tangi kubwa, naye akatoka mwenyewe. Akazunguka mara moja. Kisha rangi ikamtoka. Akazama mpaka chini, akalala ubavu kwenye mchanga, jicho moja likitazama juu.

"Uwii! Baba, nimemuua! Amekufa?"

"Tazama matamvua yake."

Nikatazama. Yalikuwa yanafunguka na kufungika.

"Amenuna," baba akasema. "Aina hii ukiihamisha hununa. Hulala hivyo, hata chakula haikitaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapochoka kununa. Ameshatayarishiwa maji, hatakufa."

Akavuta kiti, nami nikaketi sakafuni kando yake. Pampu ilikuwa ikinguruma.

"Hata mimi nililala hivyo," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mlipozika mama yenu, mlinihamisha kwa siku moja. Asubuhi nilikunywa chai Pumwani, na saa kumi jioni nilikuwa kwenye kitanda kipya hapa, shuka zinanukia sabuni. Wiki nzima nilitazama ukuta. Ulikuwa ukipita mlangoni, unasema, mwacheni mzee apumzike."

Ilikuwa kweli. Nilisema hivyo kila siku, na kwenye simu niliwaambia watu baba ametulia vizuri. Nilidhani ni uchovu wa matanga. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Yeye hakuninyamazisha, alingoja nimalize.

"Baba," nikamuuliza, "unataka kurudi Pumwani?"

Akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, jinsi anavyofikiri mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo, na safari hii sikumharakisha.

"Sasa hapana," akasema. "Mwaka jana ungeniuliza, ningekwambia ndiyo."