Mbebaji wa Kiberiti

Kazini walimwita Mzee wa Pasi, ingawa uzee wenyewe ulikuwa bado haujambishia hodi. Alinyoosha mashuka ya hoteli katika chumba cha chini kisicho na dirisha, mbele ya mashine ya mvuke iliyokuwa ikikoroma na kutema maji. Shuka liliingia limekunjamana, likatoka limenyooka, kisha yeye na dada wa kukunja wakalishika kila mmoja pembe zake, wakasogeleana, wakaachana, wakasogeleana tena. Kazi hiyo haihitaji maneno, na ndiyo maana aliipenda. Tangu binti yake afariki, dada wa kukunja alijaribu mara kadhaa kumpa pole, na kila mara Mzee wa Pasi aliitikia kwa kichwa na kuvuta shuka linalofuata. Sasa mtu akikujibu hivyo utafanyaje? Unakunja.

Jambo ambalo hakumwambia yule dada, wala mkewe, ni kwamba palikuwa na mahali pamoja duniani ambapo binti yake alikuwa bado hajafa.

Mahali penyewe, na usicheke, ni ndani ya mchezo wa kompyuta. Watu wengi wasiojuana hukutana humo kwa wakati mmoja, kila mtu amejifungia chumbani kwake, na wote wanatangatanga katika nyika isiyo na mwisho. Hakuna miji. Kuna makabila ya wahamaji tu, yanayong'oa mahema kila malisho yanapokauka. Na kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kucheza saa zote, ukiuacha mchezo uende kula au kazini, mtu wako humo ndani anasinzia palepale ulipomwachia. Hapo ndipo makabila mawili makubwa yalipogombania tangu siku ya kwanza: kabila likitaka kuhama, huyu aliyesinzia afanywe nini?

Wafuata Mawingu, waliopanda mbuni wenye mbio, walikuwa na jibu jepesi. Wanamlaza kando ya kisima, wanamwachia kiriba cha maji, wanaondoka. Akiamka atajijua. Wana wa Vumbi, wao walisafiri na kobe wakubwa kama vyumba, na msinziaji wao walimfunga mgongoni mwa kobe wakaenda naye, pole pole, huku kila mwenye upinde akiwafikia na kuwachezea atakavyo. Anayebebwa hadhuriki, hiyo ni sheria ya mchezo. Aliye macho ndiye anayepigwa, na akiuawa, hata kwa mshale mmoja, jina lake linafungwa moja kwa moja, hakuna kurudi.

Mashabiki walikuwa na kijiwe chao mtandaoni cha kubishania hayo, na humo ndani hakuna aliyekuwa na adabu.

"Hilo si kabila, ni gari la wagonjwa," aliandika Kwato, kiongozi wa Wafuata Mawingu. "Mmebeba watu mpaka kobe wamepinda miguu."

"Na wewe ungemwacha mama yako stendi kwa sababu kaenda msalani," alijibu Kiberiti wa Wana wa Vumbi.

Kiberiti ndiye binti wa Mzee wa Pasi. Chumbani alikuwa msichana mpole wa kushona vifungo vya watu na kusahau chai ikapoa. Kijiweni alikuwa moto. Yeye na Kwato walitukanana kila siku kwa miaka, kwa raha zao, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anaishi wapi wala anaitwa nani. Walikuwa hata na salamu yao. Kiberiti akikosekana siku mbili tatu kisha akaamka, Kwato alikuja mbio na mbuni wake na kumrushia mshale wa "karibu tena". Kiberiti alikuwa anauruka, kila mara, kisha anakwenda kijiweni kumwambia Kwato kwamba bibi yake angelenga vizuri zaidi. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanasahau kuhama.

Figo zake zilipoanza kumsaliti, akaanza kulazwa, alimwingiza baba yake kwenye mchezo kwa nguvu. Alimpa jina la Pasi Baridi, kwa jinsi alivyokuwa mzito, maana mwanaume alikuwa anabonyeza herufi kwa kidole kimoja na kila herufi aliitafuta upya. Alimfundisha kitu kimoja tu, kubeba.

"Baba, mimi nitakuwa nasinzia sana siku hizi," alisema, sindano ikiwa mkononi, simu kifuani. "Nikisinzia unibebe. Usije ukaniacha kisimani."

"Nikuache nikatukanwe na nani?"

Alicheka, yule mtoto. Mzee wa Pasi aliondoka wodini akiwa amebeba kicheko hicho, na baadaye alitamani angekaa kidogo asikilize kingine.

Binti alifariki mvua zilipokuwa zinaanza. Makaburini walimpa baba koleo atie udongo, mikono ikamkataa. Ilikataa tu, ikawa inaning'inia kama mikono ya shati. Mdogo wake akaichukua kazi ile, na watu wakatazama pembeni. Aliporudi nyumbani alipita katikati ya waombolezaji, akaingia chumbani kwa binti yake, akawasha kompyuta. Kabila lilikuwa linahama. Kiberiti alikuwa chini kwenye majani, amejikunja, mkono mmoja chini ya shavu. Akamfunga mgongoni mwa kobe na kumfuata nyuma kwa miguu, na mikono yake, ile ile, ilifanya kazi bila tatizo.

Wenzake walipouliza habari za Kiberiti, aliandika: "Amechoka. Anapumzika." Hakuukusudia kuwa uongo. Lakini ulikaa, na kadiri ulivyokaa ndivyo ulivyomfaa. Kila jioni akitoka kazini alikula, akanawa, akaingia chumba kile akafunga mlango. Mkewe, ambaye hakuacha kumwita "baba yake" kama zamani, alidhani anatazama picha. Mke mwenyewe hakuthubutu kuvuka kizingiti kile. Alipofagia korido, ufagio uliishia pale mlangoni na kugeuka.

Kisha mchezo ukaleta kiangazi kikali kuliko vyote. Kobe wa Wana wa Vumbi wakaanza kufa kwa kiu mmoja mmoja, na aliyewaongoza, mwanamke aliyejiita Mama Mizigo, akapeleka suala kijiweni waziwazi: wasinziaji ambao hawajafumbua macho tangu mvua zilizopita walazwe kisimani, kobe waliobaki wapumue. Kijiwe kiliwaka. Wapo waliosema bora kabila life lote kuliko kuacha mtu. Wapo waliouliza, bila ubaya, mtu gani wa kweli anasinzia msimu mzima. Wafuata Mawingu wakaweka viti, wakatazama tamasha.

"Karibuni kwenye akili," aliandika Kwato. Kisha akaongeza: "Ila Kiberiti mkimwacha, mniambie ni kisima gani. Huyo ana deni langu la matusi."

Mzee wa Pasi alisoma maneno hayo yote kwa kidole, mstari kwa mstari. Kesho yake kazini aliunguza shuka, jambo ambalo halijawahi kumtokea, na jioni akakuta ujumbe wa faragha kutoka kwa Mama Mizigo.

"Pasi Baridi, ndugu yangu, mimi mwenyewe sitaki kumwacha Kiberiti. Akifumbua macho hata mara moja tu, nitawaambia yumo, na hakuna atakayemgusa. Mwambie basi aamke kidogo."

Hapo angesema. Mama Mizigo angeelewa, hata mjinga angeelewa. Lakini Wana wa Vumbi wana desturi yao: mchezaji akifa kweli, humo ndani anazikwa, na aliyembeba ndiye anayechimba. Mzee wa Pasi aliufikiria mgongo wa kobe ukiwa mtupu, akaona hapana. Hakumwambia kitu.

Jumapili mchana, mkewe akiwa jikoni, alifanya alichokuwa hajawahi kufanya. Kompyuta ilikuwa bado inalikumbuka neno la siri la binti yake. Alitoka katika mchezo kama Pasi Baridi, akaingia kama Kiberiti.

Kamba zikalegea. Yule msichana mdogo wa kwenye kioo akashuka kutoka kwa kobe, akajikung'uta vumbi, akafungua kiganja, na kimoto kidogo kikawaka humo, kama alivyojipangia mwenyewe zamani. Mzee wa Pasi aliziba mdomo ili kicheko kisisikike jikoni. Ilikuwa furaha. Alikuwa ameisahau kabisa, ikamwingia kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mpango ulikuwa amwamshe, Mama Mizigo aone, atoke. Kiberiti angesinzia tena, angebebwa tena, salama. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Hakutoka. Alitaka kumwona akitembea. Alimtembeza kuizunguka miguu ya kobe, akamsimamisha, akamgeuza, akamtembeza tena hadi kwenye mwinuko mdogo penye mwanga. Mtoto alikuwa anatembea vizuri, hachechemei, hapumziki njiani kama alivyokuwa akipumzika kwenye ngazi za hospitali. Baba mtu akawa anasema peke yake, "Haya mama, haya, twende." Na muda wote huo kijiweni watu walikuwa wanapiga kelele: Kiberiti kaamka! Kiberiti yu macho!

Kwato naye alisoma.

Vumbi lilitokea upande wa juu wa kioo, mbuni mmoja, mbio, na aliyempanda alikuwa peke yake. Mzee wa Pasi alimtambua, na hata alipomtambua alichelewa kuelewa. Alitafuta kitufe cha kutoka. Alitafuta cha kuruka. Kidole kilikwenda huku na huku juu ya herufi kama kuku aliyemwagiwa mtama. Mshale ulikuja taratibu kabisa, wa salamu, mshale ambao Kiberiti angeuruka amefumba macho. Ukamwingia kifuani. Kimoto cha kiganjani kikazimika, akaanguka kwenye ule mwinuko, na maandishi madogo ya kijivu yakatokea juu yake kusema kwamba jina hili limefungwa.

"Oya!" aliandika Kwato kijiweni. "Mbona hukuruka?"

Kisha: "Kiberiti? Acha utani. Unarukaga siku zote."

Kisha: "Nitukane basi."

Kijiwe kizima kilikuwa kinangoja tusi. Mzee wa Pasi, aliyerudi kwa jina lake la Pasi Baridi, aliandika, "Umeniulia mwanangu." Aliyatazama maneno hayo. Alitaka kuyatuma. Alimchukia yule mtu asiyemjua kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonyesha daktari, wala Mungu, wala figo. Halafu akayafuta, herufi moja moja, kwa kidole kile kile, maana mshale ulitumwa na mtu aliyemkumbuka, na aliyemtoa mtoto mgongoni mwa kobe ni yeye baba yake.

Aliandika: "Mimi ni baba yake Kiberiti. Alifariki mvua zilipoanza. Niliyemwamsha leo ni mimi. Yeye hayupo."

Kwenye kioo, Kwato alishuka kutoka kwa mbuni wake, kitu ambacho Wafuata Mawingu hawafanyi mbele ya adui, akakaa chini kando ya maiti. Kisha ukaja ujumbe wake, yule bingwa wa matusi.

"Shikamoo, mzee. Sikujua. Naomba unisamehe, baba yangu."

Mzee wa Pasi hakuweza kuandika "marahaba". Alijaribu, akashindwa.

Mama Mizigo akaandika: "Pasi Baridi, unaijua desturi yetu. Ukiona huwezi, nitachimba mimi."

"Naweza," alijibu.

Katika mchezo ule, kuchimba ni kubonyeza kitufe kimoja, tena na tena, na kila ukibonyeza koleo linashuka na udongo kidogo unatoka. Alichimba. Mikono haikumkataa. Wana wa Vumbi walisimama upande mmoja, na upande wa pili wakaanza kufika mbuni, wengine na wengine, nao wakasimama. Hakuna aliyeinua upinde. Alimlaza Kiberiti humo ndani, mkono mmoja chini ya shavu kama alivyopenda kulala, kisha akaanza kurudisha udongo. Alipofika usoni alisimama, akapumua, akabonyeza.

Alisikia mtu nyuma yake. Mkewe alikuwa kizingitini, taulo la jikoni mkononi, macho yake hayako kwenye kioo bali kwenye kitanda, kabati, cherehani, vitu ambavyo hakuvitazama muda wote huo.

"Baba yake, unalia nini?"

Aligeuka na kiti. Alikuwa hajawahi kulitamka neno lile kwa sauti, si kazini, si makaburini, si mezani.

"Amekufa," alisema. "Mtoto wetu amekufa."

Mkewe alivuka kizingiti, akaketi pembeni ya kitanda cha binti yao.

"Najua," alisema. "Nimekuwa najua peke yangu siku zote hizi."

Alisema hivyo bila ukali wowote, na ndiyo maana mumewe hakupata pa kujificha. Nyuma yake, kwenye kioo, malisho yalikuwa yamekauka na kobe wakaanza kuondoka, na yeye hakuwafuata.