Chatu wa Ashraf

Ashraf alipofariki kwa ajali ya bodaboda kwenye mteremko wa kwenda Masasi, aliacha vitu vichache nyumbani kwao Newala: nguo zake, simu iliyopasuka kioo, na chatu mchanga ndani ya gunia la korosho. Alikuwa amempata kwa Gasper, kiongozi wa kikundi cha ngoma huko Masasi, akitumaini kucheza naye kwenye sherehe. Hakuwahi hata kumtoa kwenye gunia.

Siku ya hitma jirani alikuja na panga.

"Tulimalize hili joka, Baba Ashraf."

Abdulatifu, baba wa marehemu, alikuwa mwoga wa nyoka tangu utoto. Hata kamba chakavu njiani ilimrusha. Lakini aliutazama mdomo wa lile gunia, akaona fundo alilolifunga mwanawe kwa mikono yake.

"Liache," alisema.

Alikuwa fundi seremala, kwa hiyo alifanya alilolijua. Alipanga mbao za mninga alizoziweka kwa ajili ya kitanda cha mteja, akatengeneza sanduku refu kama kabati lililolazwa. Mbele akatia kioo cha dirisha, juu akaweka kifuniko cha wavu. Kisha akampigia Gasper simu.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba. Niambie, huyu mnyama anaishije?"

Gasper alimweleza taratibu. Upande mmoja uwe na joto, mwingine uwe baridi, achague mwenyewe. Awe na maji ya kujilaza na pango la kujificha, maana chatu asipojificha huishi na hofu. Alishwe panya, kisha aachwe atulie. Abdulatifu akaning'iniza balbu kwenye pembe moja, akamwaga majani makavu, akafudikiza chungu kilichovunjika kiwe pango. Mwishowe alifumba macho, akalifungua lile fundo na kuliinamisha gunia juu ya sanduku.

Mkewe, Maryam, alisimama mlangoni.

"Hilo sanduku umelitengeneza vizuri kuliko jeneza la mwanangu."

"Jeneza lilikuwa la msikiti, Mama Ashraf."

"Najua. Wewe hata msumari hukupiga. Hata chozi hukutoa. Leo unamtandikia nyoka!"

Juma lile Maryam alifunga nguo zake, akaenda Makote kwa kaka yake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba fundi anafuga jini. Wateja wakapungua. Abdulatifu hakujali. Jioni alivuta kigoda mbele ya kioo akaketi. Siku chatu alipommeza panya wake wa kwanza, uvimbe ukishuka polepole mwilini, alijikuta akisema kwa sauti, "Amekula!" Nyumba nzima haikuwa na wa kumsikia.

Ukaja mwezi wa sita. Wenyeji wa Newala wanaijua baridi ya wakati huo, ukungu unapopanda kutoka bondeni na kuingia hadi kwenye godoro. Umeme nao ukaanza kukatika, siku nzima wakati mwingine, balbu ikabaki jicho lililokufa. Abdulatifu alichemsha maji, akayatia kwenye chupa na kuzizungushia matambara, akazipanga ndani ya sanduku. Zikipoa, alichemsha tena. Chatu akaacha kula. Panya alimpanda mgongoni bila yeye kujitikisa. Kisha akaanza kuinua kichwa na kuachama, akipumua kwa mlio wa filimbi iliyoziba, mapovu yakimtoka mdomoni.

"Mapafu hayo, mzee," Gasper alisema kwenye simu. "Mlete huku chini, kuna joto. Mlete leo leo."

Alimfunga kifuani, chini ya koti, akapanda basi la asubuhi. Mkono ule uliokuwa ukiogopa kamba ulimshika njia nzima. Walipoteremka kutoka uwanda wa juu, jua likaanza kuchoma kupitia dirishani, naye akamfungulia koti ili apate joto. Mlima wa kwanza wa mawe wa Masasi ulipoonekana, alihisi ule mlio umekoma. Akadhani amepata nafuu.

Gasper alimpokea stendi, akaingiza mkono ndani ya koti, akautoa.

"Amekwenda, mzee."

Walimzika nyuma ya nyumba ya Gasper. Kijana yule alimwonea huruma. "Ninao wengine wadogo, mzee. Nikupe mmoja?"

"Wengine wa nani?" Abdulatifu aliuliza. Akaketi chini, kwenye udongo uliofukuliwa, akalia kilio ambacho msibani hakikumtoka. Alilia hadi majirani wa Gasper wakatoka kutazama. Hakikumpunguzia kitu.

Alipotulia alimpigia mkewe.

"Mama Ashraf, nyoka amekufa."

"Basi?" Maryam aliuliza.

"Urudi nyumbani."

"Nyumbani kuna nini, Baba Ashraf?"

Alifikiri, akakosa la kumtajia. Mke akamsubiri kidogo, kisha akakata simu.