Mama Pasi na Povu la Koti Jeupe

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, hajawahi kuogelea maishani mwake. Naanza na jambo hili kwa sababu karatasi iliyokusudiwa kumtafutia kazi ilidai kwamba anaogelea, na kwa sababu alipoikataa karatasi hiyo, mambo yake yalianza kunyooka.

Mtaani tunamwita Mama Pasi. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Aliingia akiwa mkunja shuka, akatoka akiwa msimamizi wa zamu. Alitolewa, niseme ukweli. Uongozi uliamua kwamba nguo zote zitafuliwa na kampuni ya nje yenye mitambo mipya, na wafanyakazi kumi na wanne wakakabidhiwa barua ya aya tatu. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Inawashukuru, inawatakia heri, lakini hakuna mahali inapokiri kwamba watu hao walikuwa wanajua kitu.

Kaka yangu alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia, na jukwaa la ujenzi hakuweza kulipanda tena. Binti yao alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mama Pasi asingepata kazi, binti angeacha shule. Hilo lilijulikana na kila mtu pale nyumbani, na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Alitafuta miezi saba. Kila tangazo lilidai uzoefu wa miaka mingi, na mstari wa chini yake ukadai umri usiozidi miaka thelathini na tano. Shemeji yangu alikuwa na arobaini na minane. Mimi huuliza, na sitachoka kuuliza: anayetaka uzoefu lakini hamtaki mtu aliyeishi muda wa kuupata, anataka nini hasa? Sharti hilo halichuji uvivu wala ujinga. Linachuja watu wanaojua kazi, kisha mwandishi wake analalamika kwamba wanaojua kazi wameadimika.

Hospitali ikatangaza nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia. Umri, thelathini na tano. Mama Pasi akajifunga kitambaa, akaenda kwa Profesa.

Profesa si profesa. Ni mwenye duka la steshenari, mtu mzima mwenye miwani, ambaye huwachapia watu wa mtaa wetu barua zote na wasifu wote. Alimaliza wa shemeji yangu kwa dakika nne, kwa sababu alibadilisha jina na tarehe tu.

Mama Pasi akausoma akiwa amesimama.

"Profesa, hapa umeandika napenda kuogelea."

"Ndiyo, mama. Wanapenda mtu mchangamfu."

"Mimi? Maji ninayoyajua ni ya kufulia. Haya umeyatoa wapi?"

"Mtu wa kwanza kumchapia hivi alipata kazi wiki ileile! Tangu hapo sijagusa hata nukta."

"Alipata kazi gani?"

Profesa akavua miwani, akaifuta. "Ya kufundisha watoto kuogelea."

"Haya. Na hapa nimezaliwa mwaka gani huu?"

"Nimekupunguzia miaka kumi na minne, mama yangu. Zawadi hiyo. Nani atajua?"

"Binti yangu ana miaka kumi na minane. Kwa hesabu yako nimemzaa nikiwa na kumi na sita, na hoteli nimeingia nikiwa na kumi na tano. Kaa na zawadi yako."

Alirudi nyumbani, akachukua karatasi ya mistari na kalamu, akakaa mezani mchana mzima. Kaka yangu akamtania kwamba anaandika barua ya mapenzi. "Ungekuwa wewe unaandikiwa, ungejua tofauti," akamjibu bila kuinua uso. Juu ya ukurasa aliandika jina lake na umri wake halisi. Chini yake akaandika: *Mambo yaliyoharibika mbele ya macho yangu, na nilivyoyatengeneza.* Yalikuwa matatu. Shuka zilizoanza kuwa na rangi ya njano, hadi alipogundua kwamba bomba jipya lilikuwa linatoa kutu. Taulo zilizokwaruza wageni, kwa sababu ya sabuni nyingi na suuza haba. Na moto mdogo uliozuka nyuma ya mashine ya kukaushia, palipojaa manyoya ya nguo. Tangu siku hiyo aliamuru pasafishwe kila zamu, na moto haukurudi.

Karani wa mapokezi pale hospitali akaitazama bahasha. "Umri wako, mama?"

"Arobaini na minane."

"Tangazo linasema thelathini na tano."

"Nimelisoma. Wewe ipokee tu bahasha, baba. Yenyewe haina umri."

Karani akacheka, akaipokea.

Siku ya usaili walikuwa tisa kwenye benchi. Wa kwanza alitoka akiwa amekunja uso. "Wameniuliza naogelea wapi!" akanong'ona. "Mji huu una bwawa?" Wa pili akatoka na swali lilelile. Mama Pasi akawatazama wote sita waliokuwa wamebaki naye.

"Nyinyi wote mmepitia kwa Profesa?"

Benchi zima likaangua kicheko, hadi mlango ukafunguliwa na wakaambiwa wanyamaze, hapa pana wagonjwa. Mimi pia nilicheka nilipohadithiwa, lakini kicheko hakikufika mbali. Miongoni mwa wale wanane walikuwamo watu hodari, mmoja amefua magwanda ya wachimba migodi kwa miaka kumi. Nani angemwona? Karatasi ilikuwa imewafanya wote mtu mmoja, na mtu huyo hayupo.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye na matroni, yaani muuguzi mkuu, aliyeketi pale pamoja na afisa utumishi. Ni yeye aliyeichomoa karatasi ya mkono kutoka kwenye rundo na kusisitiza mwandishi wake aitwe.

Afisa utumishi akaanza na umri. Kisha akauliza kama anajua kompyuta.

"Sijui. Mashine mpya ya hoteli nayo sikuijua, nikafundishwa siku moja, wiki ya pili nikawa nawafundisha wenzangu." Hapo macho yake yakatua kwenye shingo ya matroni. "Samahani, dada. Hapo kwenye kola panakuwasha?"

Matroni akashika shingo. Palikuwa pekundu. "Mwezi wa tatu huu. Nimepewa dawa ya kupaka, wapi!"

"Na wagonjwa?"

"Wodi ya watoto wanajikuna usiku kucha."

"Mmebadilisha mashine?"

"Mwezi huohuo."

Mama Pasi akaomba ile glasi ya maji iliyokuwa mezani. Akaomba pia lile koti jeupe la matroni. Matroni akalivua. Shemeji yangu akachovya pembe ya mkono wa koti ndani ya glasi, akaifikicha kwa vidole viwili, kama anayefua soksi ya mtoto. Povu likapanda, jeupe, hadi ukingoni.

"Koti hili limefuliwa lini?"

"Leo asubuhi ndiyo nimelitoa likiwa safi," matroni akasema.

"Si safi. Mashine mpya hutumia maji machache, na watu wenu bado wanatia sabuni kwa kipimo cha mashine ya zamani. Hawana kosa, hawakuambiwa. Punguzeni sabuni nusu, suuzeni mara mbili. Dawa ya kupaka iacheni."

Afisa utumishi akakohoa. "Ni kweli, lakini suala la umri..."

"Umri huo ndio uliotuonyesha hili povu," matroni akasema. "Sisi wenye vyeti tumelivaa miezi mitatu."

Alipewa mkataba wa majaribio, na kabla haujaisha akapewa wa kudumu. Watoto waliacha kujikuna katika wiki ya pili. Binti alifanya mtihani wake.

Mwaka uliofuata Mama Pasi alihitaji msaidizi. Afisa utumishi akamletea rasimu ya tangazo, na ule mstari wa thelathini na tano umekaa palepale, kana kwamba hapakutokea kitu. Mama Pasi akaukata kwa kalamu. Pembeni akaandika: *Kila mwombaji atapewa shuka moja aifue.* Aliyeipata kazi hiyo alikuwa yule wa magwanda ya migodi. Ana miaka hamsini na miwili.

Profesa naye alikuja nyumbani, amevaa shati la heshima.

"Mama, naomba ile karatasi yako niinakili. Naona ndiyo inayoleta kazi."

"Ukiinakili, Profesa, mwezi ujao mtaa mzima utakuwa umezima moto nyuma ya mashine ya kukaushia."

"Sasa niwaandikie nini?"

"Waulize."

Aliondoka akinung'unika. Lakini juzi nilipita dukani kwake kutoa nakala. Kijana mmoja alikuwa ameketi mbele yake, na Profesa ameiweka miwani kando, hajagusa kitufe hata kimoja.

"Fikiri vizuri," alikuwa anamwambia. "Umewahi kutengeneza nini?"

Yule kijana akasogeza kiti karibu na meza, akaanza kueleza.