Usikaze Bushi Gari Likiwa Juu ya Jeki

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nikiwa katikati ya shughuli nyingine. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nimerudi kwetu Tulia likizo kutoka chuo kikuu, mdomo umejaa maswali. Mhubiri nilimhoji. Mama nilimhoji hata kuhusu chumvi ya mboga. Nilidhani huko ndiko kuelimika.

Mjomba wangu Kioko alikuwa na gereji sokoni. Siku hiyo tulikuwa tunamalizia gari la mbio la mwanawe, binamu yangu Musyoka, aliyekuwa ashindane katika vilima vya Kilungu. Tajiri mmoja alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza mbio zile, atampa gari lake jipya aliendeshe msimu mzima. Musyoka hakuwa na ndoto nyingine.

Zilibaki bushi za nyuma, ile mipira minene inayoshikilia mikono ya magurudumu ili gari lisiyumbe likikata kona kwa kasi. Mjomba alizifuata mwenyewe Nairobi. Nikazitia, nikachukua spana.

"Ngoja," akasema mjomba. "Shusha gari kwanza likae chini, ndiyo ukaze."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nilifunzwa hivyo."

"Bolti ni bolti, mjomba, juu ama chini. Kama hujui sababu, huo ni ushirikina."

Wanaume waliokuwa wameketi mlangoni wakacheka. "Kioko, leo umepatikana," mmoja akasema.

Mjomba akafuta mikono taratibu. "Haya, profesa. Kaza unavyojua."

Nikakaza, gari likiwa juu ya jeki.

Musyoka alikimbia vizuri hadi karibu na mwisho. Hapo bushi zikararuka, mkia wa gari ukamponyoka kwenye kona, akatumbukia katika shamba la michungwa. Hakuumia, lakini gari lilikunjika. Tajiri akatafuta dereva mwingine, na Musyoka akaishia kuendesha lori la mchanga. Mjomba hakunilaumu. Alisema ameuziwa mipira mibovu, kwamba jicho lake limeanza kudanganyika. Akawa anakataa kazi moja baada ya nyingine, mwishowe akafunga gereji. Nami niliyehoji kila mtu sikujiuliza lolote.

Miaka mingi baadaye, nikifundisha shule huko Ikutha, nilibadilisha bushi za pikapu yangu, nikazikaza ikiwa juu ya jeki kama zamani. Nilipoishusha nikachungulia chini: mipira ilikuwa imejisokota kama nguo inayokamuliwa, na gari halijaenda hata hatua. Bolti iliibana mipira gari likiwa linaning'inia. Uzito uliposhuka, mikono ya magurudumu ikageuka, na mipira iliyobanwa ikaanza kuraruka.

Nikaenda Tulia, nikamkuta mjomba akipepeta pojo. Nikamweleza yote. Akaweka ungo chini.

"Kwa hivyo mipira ilikuwa mizuri."

"Ilikuwa mizuri, mjomba."

"Ungekuja mapema," akasema, "ningekuwa bado nafanya kazi."

Mwanangu, sikukatazi kuuliza. Lakini mtu akishindwa kukueleza sababu, usidhani sababu haipo. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa gari lako, usijaribu kwa bahati ya mwenzako. Na jambo likiharibika, anza kuuliza kwa mkono wako mwenyewe, na uulize upesi, kwa maana kuna mtu mahali fulani anayejilaumu bure akikungoja. Mungu akujalie akili isiyochoka kutafuta, na akuwekee hai wale utakaotaka kuwapelekea jibu.