Samahani ya Mwalimu Josephine

Mwalimu Josephine wa chekechea kule Nakwa alikuwa na dawa moja ya dhambi zote za watoto, nayo iliitwa samahani. Umempiga mwenzako teke? Samahani. Umemmwagia uji? Samahani. Aliyekosewa naye hakuwa na hiari: alijibu "Nimekusamehe" kwa sauti, darasa zima likapiga makofi, na uovu ukawa umekwisha duniani. Wazazi walileta watoto hata kutoka Nangara ili wakanyooshwe tabia. Mwalimu aliposifiwa nje ya kanisa baada ya misa, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini polepole, asije akapitwa na sifa iliyobaki.

Watoto ni wepesi wa kuelewa. Elibariki, wa miaka mitano, aligundua kwamba neno likitangulia, kazi inakuwa rahisi zaidi: anasema "Samahani," halafu anakung'ata. Mwalimu aliliona hilo, akaliita maendeleo.

Siku moja chapati ya mwalimu ya chai ya saa nne ilipotea. Upelelezi haukuchukua muda, kwa sababu midomo ya mtoto mmoja, Scola, iling'aa mafuta.

"Scola, umekula chapati yangu."

"Sijala, mwalimu."

"Na uongo juu yake! Mafuta hayo yametoka wapi?"

"Mama amenipaka."

Mwalimu akacheka, kwa hiyo darasa likacheka. Scola akasimamishwa mbele mpaka aseme. Alisimama akilia hadi wenzake wakamaliza uji, na mwishowe akaomba samahani kwa kosa asilolifanya. Makofi yakapigwa. Mwalimu akajisikia vizuri, kama mtu aliyeng'oa gugu na mzizi wake.

Chapati aliikuta jioni ndani ya mkoba wake, chini ya mwavuli, pale pale alipoiweka kwa mikono yake mwenyewe. Aliila isiharibike. Ilikuwa ngumu kumeza.

Asubuhi iliyofuata Mama Scola alifika na jembe begani, njiani kwenda shambani kwake Mutuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Scola. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Mwalimu, ni mimi niliyempaka. Mafuta ya kujipaka yaliisha, nikachukua ya kupikia. Si unaona upepo huu unavyowapasua watoto midomo?"

"Najua. Chapati nimeiona. Nilikuwa nayo mwenyewe."

Mama Scola akashusha pumzi. "Basi naomba umwambie neno moja tu. Jana hakula. Ananiuliza kama yeye ni mwizi, maana amesema samahani."

Josephine alimtazama Scola, aliyekuwa ameng'ang'ania kanga ya mama yake. Darasa lilikuwa na mikono tayari kwa makofi. Neno lilimfika mwalimu kooni. Aliona aibu ya kweli, na yule mtoto alimtia uchungu moyoni. Lakini mtu mzima na heshima zake! Leo umwombe radhi, kesho si atakutuma dukani?

"Mama Scola," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "mkubwa haombi msamaha kwa mtoto. Tutawaharibu hawa. Haya, Scola, nenda kakae, yamekwisha."

Mama Scola aliaga kwa heshima, akaenda zake. Mwalimu alifurahi kwamba bado kuna wazazi wanaoelewa malezi. Scola akaenda kukaa.

Uji haujaiva, kilio kikasikika. Alikuwa Hope, mdogo kuliko wote pale.

"Mwalimu! Scola amekula ndizi yangu!"

Safari hii ushahidi haukuhitaji upelelezi, maana ganda lilikuwa mkononi na shavu limejaa. Mtoto ambaye tangu aanze shule hajawahi kugusa cha mtu! Hata hivyo mwalimu alipata nafuu kidogo, kwa kuwa hii sasa ndiyo kazi aliyoizoea.

"Scola, mwambie Hope samahani."

Scola alimeza kwanza, kwa sababu alifundishwa kutoongea na chakula mdomoni. Kisha akasimama wima, mikono nyuma, kwa adabu zote.

"Hapana, mwalimu. Mimi ni mkubwa wake."