Mwezi wa Senene Hauna Leseni

Nakumbuka alfajiri moja ya Novemba, mwanangu Alinda, mimi na babu yako tukitoka Muleba kwenye pikapu ya samaki, senene, panzi wetu hawa watamu, wakaanza kuanguka. Lakini ngoja kwanza nikae vizuri. Huu mguu wangu wa kushoto haukubali kukunjwa muda mrefu, na leo nataka uufahamu zaidi ya ulivyoufahamu tangu utoto. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini bibi anachechemea, nami nikikujibu kwamba niliteleza kisimani. Haikuwa kisimani.

Jana ulikuja hapa Nyanga, ukaegesha pikipiki yako pembeni ya migomba, ukaingia ndani huku unacheka. Ukaniambia afande wa usalama barabarani alipita kijiweni kwenu Bilele akawasifu, kwamba mwezi uliopita ajali za mjini zimeshuka, na hata mwezi wa kabla yake zilikuwa chache. Ukasema, "Bibi, sasa unaweza kupunguza rozari zangu, tumekuwa wastaarabu." Nilicheka na wewe, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Halafu ukachungulia mawingu mlangoni, ukasema mvua hii ikiendelea senene wataanguka wiki hii hii, na wewe na wenzako mtawahi kwenye taa za barabara kuu ili uniletee ndoo ya kwanza. Hapo kicheko kilinikatika. Ulidhani nimechoka, ukanifunika shuka, ukaondoka kwa kunyata. Sikuwa nimechoka, mwanangu. Niliogopa.

Huyo afande sina ugomvi naye, amesema alichokiona. Ila mimi nimeishi mji huu muda mrefu, nimeona ajali zake zikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na sijaona zikipanda bila sababu ya watu. Kahawa ikiiva, pikipiki zinabebeshwa magunia mpaka dereva mwenyewe haonekani, na wodi inapata wageni. Masika wanateleza wale wanaojiona wanaijua njia. Desemba ndugu zetu wanarudi kutoka Dar es Salaam na magari ya kuazima, kona zetu hawazikumbuki tena, na kila nyumba wanayopita inawakaribisha kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Katikati ya hayo yote kuna mwezi wa senene. Kwa hiyo ukiniambia ajali zimeshuka kabla senene hawajaanguka, mimi nasema asante Mungu, kisha nashika rozari yangu kwa nguvu zaidi.

Sasa turudi kwenye pikapu.

Nilikuwa nimeolewa mwaka ule ule, na tumboni nilikuwa nimembeba baba yako. Babu yako Kalisti alikuwa dereva wa wachuuzi wa samaki, akipakia mwaloni Muleba mzigo uliovushwa kutoka visiwani na kuushusha sokoni Bukoba. Nilikuwa nimekwenda kumwona mama yangu, na kurudi akanichukua yeye. Nilikaa mbele, pua nimeifunika kwa kitenge, maana mimba ile haikutaka kabisa harufu ya sangara. Kalisti alinitania njia nzima. Alisema mtoto wetu atakuwa wa kwanza kuzaliwa mkoa wa Kagera akiwa anachukia samaki, na sisi tutampatia wapi chakula kingine. Nilimpenda sana yule mwanamume, hata alipokuwa anaropoka.

Ili unielewe, lazima ujue jinsi tulivyokuwa tukiishi na senene. Leo wewe na wasichana wa rika lako mnawatafuna pamoja hata kwenye vifungashio vya plastiki, na mimi pia nawala bila aibu. Wakati ule mwanamke hakuwaonja. Aliamka alfajiri na wenzake, wakaenda kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja vyetu vya migomba, wakawaokota wakiwa bado wamelowa umande. Akarudi, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mumewe na baba mkwe wake. Na mwanamume aliyeletewa senene alipaswa kumpa mwanamke huyo nguo mpya. Nguo ile ilivaliwa kanisani, na kila mtu alijua imetoka wapi. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya wa Nyanga, na wanawake wote walikuwa wakisubiri kuona senene wangu wa kwanza. Baba mkwe wangu, Ta Leonidas, ndiye aliyesubiri kuliko wote, kwa sababu mzee yule alipenda senene kuliko nyama ya sikukuu.

Basi tulipofika kwenye kona ya chini, karibu kabisa na nyumbani, giza likiwa bado halijaachia vizuri, wakaanguka. Walijaa kwenye kioo cha gari, wakajaa barabarani, kijani na kahawia, wanarukaruka kwenye mwanga. Kalisti akapiga kelele kama mtoto. Akasimamisha gari pale pale, katikati ya kona. Akaacha taa kubwa zinawaka zote ili senene wazidi kuifuata nuru. "Shuka, mke wangu!" aliniambia. "Mungu amekuletea mpaka mlangoni, huna haja ya kwenda rweya na tumbo hilo!" Alikuwa ananionea huruma, mwanangu. Yote aliyafanya kwa mapenzi.

Majirani waliuona mwanga, wakatoka mbio na mabeseni, ndoo, wengine na mashuka ya kitandani. Barabara ikageuka uwanja wa harusi. Watu waliimba, walisukumana, walicheka. Mimi nilipiga magoti kwenye changarawe, nikakunja kitenge changu kikawa mfuko, nikaokota kwa mikono miwili. Nilikuwa nawaza nguo. Nilikuwa nawaza uso wa Ta Leonidas. Barabara yenyewe niliisahau kabisa, na wenzangu wote waliisahau.

Kijana mmoja mchuuzi alikuwa anatoka mjini na pikipiki, anawahi samaki Muleba. Alipoingia kwenye kona, taa za Kalisti zilimpiga machoni. Hakuona gari wala watu, aliona weupe tu. Nilisikia mlio wa pikipiki, nikasikia mtu akimlilia mama yake kwa Kihaya, "Mawe!", kisha nikawa nimelala kwenye mtaro na senene wamejaa kwenye nywele zangu. Nakumbuka nilijaribu kuwatoa ili wasipotee. Ndipo nilipouona mguu wangu umegeukia upande usio wake, na Kalisti amepiga magoti ananishika tumbo badala ya kunishika mguu.

Hospitalini walinifunga mguu. Yule kijana alivunjika bega, akalazwa upande wa wanaume, na baadaye alipona. Tatizo lilikuwa baba yako. Muuguzi aliweka kile chombo chao kwenye tumbo langu, akasikiliza upande huu na upande ule, akaniuliza kama mtoto amecheza tangu nianguke. Nikamwambia hapana. Akanishika mkono akasema tusubiri. Sijawahi kusikia neno zito kama lile. Kalisti alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, hakutaka kiti.

Majirani wakaja kutuona, na mikungu yao ya ndizi na pole zao. Na kila aliyeingia alikuwa na neno lile lile. Mmoja alisema, "Mwezi huu ni mbaya, kila mwaka lazima uchukue mtu." Mwingine akasema mwaka jana pia ilikuwa Novemba, na mwaka juzi pia, mwezi wa senene una damu, tuombewe misa. Hata Kalisti alianza kuitikia kwa kichwa. Nadhani lilimpa nafuu kidogo, kwa sababu kama ni mwezi, basi si yeye.

Ta Leonidas alikuwa amekaa kwenye kona ya wodi, anatafuna akamwani, zile punje za kahawa ambazo wazee wetu hawatoki nyumbani bila kuzitia mfukoni. Ndipo wifi yangu akaingia na kikapu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Walikuwa senene wale wale wa alfajiri, wameokotwa, wamenyonyolewa, wamekaangwa vizuri mpaka wodi nzima ikanukia. Akapiga goti mbele ya mzee, akasema, "Tata, hawa ni wa mkweo. Amewamwagia damu, uwale kwa heshima yake."

Nilimwona mzee akimeza mate. Nakwambia ukweli, nilimwona. Kisha akakisukuma kikapu kwa mgongo wa mkono.

"Hebu nielezeni," alisema. "Huo mwezi wa Novemba una leseni?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha.

"Nauliza kwa sababu nasikia umegonga mtu. Ni mwezi uliosimamisha gari kwenye kona? Ni mwezi uliowasha taa kumpofusha mtoto wa wenyewe? Mabeseni yale barabarani yalikuwa ya mwezi?" Akamgeukia babu yako, na sauti ikashuka. "Kalisti, mwanangu, nakupenda, na najua unampenda mkeo. Lakini usijifiche nyuma ya mwezi. Ukijificha hapo, mwakani utarudi kwenye kona ile ile, na mimi nitakuja tena kukaa kwenye kiti hiki."

Kalisti alilia. Alilia mbele ya watu wote, na mzee akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akampa punje za kahawa atafune.

Na senene hakuwala. Alisema tangu siku hiyo haingii kinywani mwake senene aliyeokotwa barabarani. Jumapili baada ya misa alisimama nje ya kanisa, akawaambia wazee wenzake kwamba mwanamke wa nyumba yake hatapewa nguo kwa senene wa barabarani, nguo ni ya senene wa rweya peke yake. Wengine walimcheka. Msimu ule senene wa nyasini walikuwa wachache, na jirani yetu alikuwa akikaanga wake makusudi upande wa upepo. Mzee alikaa mlangoni anavuta harufu, anatikisa kichwa, anarudia ndizi na maharage yake. Lakini wazee wawili watatu walimfuata, halafu wengine, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anapenda tumbo lake kuliko mkwe wake. Wanawake nao waliona hakuna faida ya kukimbilia barabarani kwa kitu kisicholeta nguo. Kona yetu ikatulia. Novemba ziliendelea kuja, kila mwaka, na mvua zake na senene wake, zikipita bila kumchukua mtu wa kwetu.

Usiniangalie hivyo, sijasahau kuhusu baba yako. Alicheza. Ilikuwa kesho yake mchana, nikilishwa ndizi, akanipiga teke moja la kibabe mpaka nikamwaga mchuzi. Nilipiga kelele hadi muuguzi akaja mbio, na Kalisti akaweka mkono pale tumboni asiutoe mpaka walipomfukuza wodini.

Na siku niliyotoka hospitali na magongo yangu, nilikuta kitandani kwangu kitenge kipya, cha bluu chenye maua. Nilimwendea Ta Leonidas, nikamwambia, "Tata, mimi sikukuletea senene." Akanijibu, "Umeniletea uzima wako. Kaa chini, mguu utavimba."

Kitenge hicho bado ninacho, Alinda. Kimechakaa, lakini kipo sandukuni, na siku nikizikwa mnifunike nacho.

Sasa nasaha yangu ni hii, na ninakuomba uipokee. Msifurahie mwezi mzuri mkadhani mmepona, wala msiogope mwezi mbaya mkadhani mmelogwa. Mwezi hauna mikono ya kushika usukani. Kila msimu jiulizeni, watu wa hapa tunakwenda kufanya nini mwezi huu, tunakimbilia wapi, nani atakuwa amepiga magoti barabarani. Senene wakianguka na wewe una abiria, punguza mwendo, usiangalie ndoo za watu. Ukiona gari limesimama na taa zinawaka, jua nyuma ya ule mwanga kuna mke wa mtu. Na ukitaka kuokota, ingia kwenye nyasi, zima pikipiki, okota kwa raha zako. Waambie na wenzako wa kijiweni, tena uwaambie kabla ya mvua ya leo.

Unajua ninavyowapenda senene. Ukiniletea ndoo nitakuuliza umewaokota wapi, na ukisema barabarani, nitaisukuma kwa mkono huu huu, hata kama mate yananidondoka. Lakini ukija mikono mitupu, umelowa mvua, pikipiki nzima na magoti yako mazima, nitakununulia shati jipya. Na Jumapili ulivae kanisani. Wakikuuliza limetoka wapi, waambie bibi yako ameletewa senene.

Mungu akutangulie kwenye kila kona, mwanangu. Akuweke mbali na haraka zako mwenyewe na haraka za wengine. Babu yako Kalisti na Ta Leonidas wakuombee huko waliko, na mlango huu wangu uzidi kukusikia ukiingia, hata ukiingia na matope. Haya, vaa kofia yako ngumu, uifunge na ule mkanda wa kidevuni. Nenda salama.